Adabu za Kuchaji Gari ya Umeme Nairobi: Maswali Ambayo Huwa Naulizwa Kila Wiki

Naendesha Nissan Leaf ya 2014, ile ya betri ya uniti 24, na karibu kuchaji kwangu kote ni nje manake kwa ploti ninakoishi parkingi haina soketi. Kwa hivyo nimekaa foleni za chaja kuliko nilivyokaa kwa kinyozi, nimegombana na watu, nimeombwa msamaha na mimi pia nimeomba. Haya ndiyo maswali huwa naulizwa na watu wamenunua gari juzi. Majibu ni yangu, ukiona nimekosea tutakutana kwa chaja tubishane, wakati wa kubishana hapo huwa upo mwingi.

Kwani chaja inahitaji adabu gani, si ni kuchomeka tu na kungoja?

Kwa petroli unaingia, unajaza, unalipa, umetoka, dakika tano hivi, hata kama mtu ana tabia mbaya humvumilii muda mrefu. Kwa chaja mtu mmoja anaweza kukaa masaa sita halali kabisa na mall nzima iko na nguzo mbili, moja imeandikwa iko maintenance tangu mwezi uliopita. Hapo ndio shida inaanzia.

Mimi huwa naambia watu wakumbuke kioski cha maji. Kama umekulia estate ambayo maji yanakuja Jumanne na Ijumaa unajua sheria bila kufunzwa: mitungi inapangwa laini, wa kwanza kufika ni wa kwanza kuchota, mtungi ukijaa unautoa hapo hata kama unapiga stori na jirani, na mtungi wa mwenzako hausogezwi nyuma eti kwa sababu yeye ameenda kuangalia ugali. Chaja ni bomba. Si parkingi. Ukielewa hiyo, nusu ya maswali ya hapa chini umeshajijibu.

Nimefika nimepata gari ya petroli imepaki kwa nafasi ya chaja, nifanyeje?

Kwanza pumua. Mara nyingi huyo mtu si adui, ameona nafasi iko karibu na mlango na hajui hiyo nguzo ni ya nini, wengine wanadhani ni mashine ya kulipia parkingi. Ongea na askari wa hapo kwa heshima, mwambie “boss, nisaidie kumpata mwenye hii gari, nataka kuchaji,” walio na rekodi ya namba au spika ndani ya mall wanaweza kumwita. Usipaki nyuma yake ukamziba ili umfunze adabu, manake sasa mmeziba chaja wawili na wewe ndio utaitwa ofisini.

Halafu kuna wale wa Aqua na Fit ambao ukiwauliza wanakujibu “hii pia ni ya umeme, ni hybrid.” Bana. Hybrid ya kawaida haina mahali pa kuchomeka kebo, inajichaji yenyewe ikitembea na ikifunga breki, hapo haina kazi kabisa. Waeleze polepole bila kucheka, hata kama kucheka kunakuja.

Na Outlander yenye plagi?

Hiyo ina haki ya kuchaji, ina soketi yake na ile ya kutoka Japani kwa kawaida inakuja hata na tundu la CHAdeMO la chaja ya kasi. Lakini ile ya kwanza betri yake ni kama uniti 12 na chini ya boneti kuna injini ya petroli inayofanya kazi vizuri tu. Kwa hivyo kama umekaa na Outlander kwa chaja ya kasi na nyuma yako kuna Leaf imebaki asilimia 6, yule wa Leaf asipochaji analala hapo, wewe usipochaji unaenda nyumbani na petroli. Hakuna sheria inayokulazimisha kutoka. Mimi nikiona mtu wa Outlander ametoka akampisha mtu huwa namnunulia soda.

Kwa nini watu wanapiga kelele ukipita asilimia 80?

Betri za lithiamu zinajaa kama matatu. Matatu ikiwa tupu stage, abiria wanaingia mbio, kila mtu anakaa anapotaka. Ikibaki viti viwili, sasa huyu asimame yule apite, mama ashuke kwanza na mzigo ndio wa dirishani aingie, makanga anapiga kelele na gari haiondoki. Gari lako linajua hivyo, betri ikikaribia kujaa linaambia chaja ipunguze nguvu ili isiumie, na ndio maana kwa chaja ya kasi ya kilowati 50 Leaf yangu inatoka 20 mpaka 80 kwa nusu saa hivi halafu hiyo 20 iliyobaki inaweza kula muda kama huo huo, wakati mwingine zaidi.

Kwa hivyo kwa chaja ya kasi, ikifika 80 na kuna mtu anangoja, chomoa uende. Kama hakuna mtu, jaza, hakuna anayekukataza. Na kama safari yako haiwezekani bila 95, sema. Mwambie anayengoja “naenda mbali, nahitaji dakika ishirini na tano zaidi,” watu wanakubali sana wakiambiwa, kinachowaudhi ni kukaa kimya dirisha likiwa juu.

Kwa chaja ya polepole, ile ya AC (stima kama ya soketi ya nyumbani), hii hesabu ya 80 haina uzito sana, hapo nguvu ni kidogo tangu mwanzo kwa hivyo haipungui mpaka karibu na mwisho kabisa. Hapo sheria ni ile ya mtungi tu, ukijaa toa.

Hizi Leaf zetu zimetoka Japani, na kule chaja nyingi za kasi za barabarani zinajizima zenyewe dakika 30 zikiisha, unataka zaidi unarudi nyuma ya laini. Gari zilikuja na sauti ya mwanamke anayeongea Kijapani ndani ya redio ambayo hatumwelewi mpaka leo, ila ile tabia ya dakika 30 haikupanda meli.

Gari imejaa na mwenyewe haonekani, naweza kuchomoa?

Hili ndilo linaloleta vita kuliko yote, acha nilijibu pole pole.

Kama bado inachaji, hapana. Hata kama imefika 97, hata kama umechelewa, hata kama unaona ni ujeuri. Hujui mtu anaenda wapi.

Kama imemaliza, inategemea. Plagi nyingine zimefungwa na gari lenyewe na haziachilii mpaka mwenye gari afungue, Taipu 2 huwa hivyo mara nyingi, ukivuta kwa nguvu unavunja kitu cha pesa nyingi na kamera inakuangalia. Taipu 1 ya Leaf ina kile kidude cha kubonyeza na kama mwenyewe hakuweka loki inatoka. CHAdeMO inajifungua yenyewe mwisho wa kuchaji. Lakini kutoka si ruhusa. Kwanza angalia kama ameacha namba kwa dashibodi, piga. Pili muulize askari. Tatu ngoja kama dakika kumi. Baada ya hapo, kama gari imemaliza kabisa na kebo inafika kwa gari yako, mimi naona si dhambi kuchomoa, ufunge kifuniko chake vizuri na uache karatasi kwa kioo, “Mkubwa, gari yako ilikuwa imejaa saa nane na nusu, nimetoa kebo, samahani kwa usumbufu.” Kuna wenzangu hawakubaliani, wanasema gari ya mtu haiguswi, na nawaelewa pia. Ukiona moyo unasita, usiguse.

Kujua kama Leaf imemaliza, chungulia juu ya dashibodi karibu na kioo, kuna taa tatu za bluu. Moja ikiwaka na kuzima bado inachaji, zote zikiwa zimezima ujue ama imemaliza ama imekatika. Hiyo “ama imekatika” ndio ujanja wenyewe, manake chaja ikikosa mtandao au stima ikiruka kuchaji kunaweza kukatika kwa asilimia 40, ukachomoa ukidhani imejaa, mwenyewe anarudi na watoto na shopping anakuta hana betri ya kufika Kitengela. Angalia kwanza skrini ya chaja yenyewe inasema nini.

Foleni inapangwaje kama hakuna mtu wa kuipanga?

Aliyefika kwanza ni wa kwanza, na “kufika” ni gari, si simu. Kupigia askari akuwekee koni mpaka utoke Westlands hiyo si foleni, hiyo ni chai. Kumtuma kijana asimame hapo na wewe uko nyumbani unaoga pia si foleni, ingawa kwa kioski cha maji mtungi unaweza kusimama badala yako, kwa chaja haiwezekani kwa sababu gari ndio mtungi.

Kuhusu chai, ukipenda kumpa askari kitu kwa sababu amekusaidia, mpe, ni binadamu na anasimama juani mchana kutwa. Lakini ukimpa ili akupitishe mbele umemuweka pabaya, kesho atakuja mwingine na nyingi kuliko yako. Kuna kichekesho hapo, jina CHAdeMO Wajapani walilitunga likichezea maneno yao yanayomaanisha kama “vipi, tunywe chai?” yaani muda wa kuchaji ni muda wa kikombe kimoja. Wangejua chai kwetu ni nini wangetafuta jina lingine.

Jambo la maana zaidi: ukifika ukipata watu wawili wanangoja, shuka uwasalimie. Uliza “nani wa mwisho?” kama vile unauliza kwa daktari. Ukishasalimia mtu hakupiti kirahisi, na nyinyi wenyewe mtapanga, huyu anataka dakika kumi tu apite kwanza, huyu hana haraka, inaisha.

Gari yangu inachaji polepole hata kwa nguzo ya kilowati 22, wananiuzia uongo?

Hapana, gari yako ndio ina kizuizi. Kwa AC, nguzo inatoa stima tu, kazi ya kuigeuza iweze kuingia kwa betri inafanywa na chaja iliyo ndani ya gari. Leaf nyingi kama yangu zina ya kilowati 3.3 au 3.6, chache zina ya 6.6. Uchomeke kwa nguzo ya 22, ya 11 au ya 7, utapata ile ile 3 na pointi. Ni kama kumimina maji ya dramu kupitia shingo ya chupa ya soda.

Adabu inaingia hapa: kama stesheni ina nguzo za aina mbili na zote ziko wazi, chukua ile ndogo. Kubwa muachie mwenye gari linaloweza kuitumia. Watu wengi hawafanyi hivi, si kwa ubaya, ni vile hawajui.

Na ya kasi nayo ina mambo yake. Nguzo nyingi za DC, yaani hizo za kasi, zina kebo mbili za plagi tofauti, CCS na CHAdeMO, na baadhi yake zinahudumia gari moja tu kwa wakati. Usipaki upande wa pili ukachomeka ukidhani mnashiriki, soma skrini. Zingine zinagawa nguvu, wewe ukichomeka mwenzako anashuka kutoka 50 mpaka 25, si kosa lako lakini ukimwambia “tunagawana sasa, sawa?” utaona atakavyofurahi. Wenye magari mapya kutoka China nao wakati mwingine wanakuja na soketi ya GB/T na adapta, jaribu adapta yako siku hakuna foleni tafadhali, si Jumamosi saa tisa.

Niache namba ya simu kwa dashibodi kweli? Na wakora?

Mimi naacha. Karatasi ngumu, kalamu nene, namba na muda: “Nitatoka saa kumi na robo. Ukiwa na shida nipigie.” Kama unaogopa, nunua laini ya pili ya kazi hiyo tu. Tangu nianze kuacha karatasi sijagombana na mtu, kabla ya hapo nilikuwa nagombana kila mwezi.

Na ukipigiwa, shika simu. Kuacha namba halafu hushiki ni afadhali usingeacha.

Ukiwa wewe ndio unapiga, anza na salamu kwanza, Wakenya wa siku hizi tumekuwa watu wa “wewe ndio mwenye gari hii?” Sema “habari yako, samahani kukusumbua, niko hapa kwa chaja na naona gari yako imefika 90, nilikuwa nauliza utarudi saa ngapi.” Mama mmoja alinipigia hivyo nikatoka supermarket nikaacha toroli katikati ya rafu za unga.

Mimi ni wa teksi, si ninafaa kupewa nafasi kwanza?

Naelewa, na siku zingine mimi pia ni wa teksi. Kila dakika ya foleni ni pesa. Lakini ukidai haki ya kwanza kwa sababu ya kazi, yule wa pili ana mgonjwa, wa tatu ana mtoto shule, hatutamaliza. Omba, usidai. Tofauti ni kubwa.

Njia nzuri kwa wa teksi ni usiku. Tangu 2023 kuna tarifa ya stima ya magari ya umeme iliyopitishwa na EPRA, wale wasimamizi wa kawi, na kwa hiyo tarifa stima ya usiku mita inahesabu nusu bei ya mchana. Si kila stesheni inakushushia wewe mteja hiyo nusu, uliza. Lakini hata isiposhushwa, saa tano usiku hakuna foleni, na stima inayoingia saa hizo nyingi ni ya mvuke wa ardhini kutoka Olkaria ambayo inatoka usiku na mchana watu wakiwa wamelala. Mabasi ya umeme kama ya BasiGo yanachaji depo zao na sana sana usiku, ndio maana huyaoni yakitusukuma kwa mall.

Mtu wa safari ndefu apewe nafasi?

Kwa barabara kubwa, ndio, bila kubishana sana. Nairobi mpaka Mombasa ni karibu kilomita 480, na Leaf ya zamani kama yangu kwa kilomita mia hivi imeanza kulia. Kwa hivyo mtu ukimkuta kwa chaja ya barabarani hana mpango wa pili. Wewe ukiwa mwenyeji wa hapo mjini unaweza kurudi jioni, yeye akikosa hapo analala kwa gari.

Tena angalia anaelekea wapi. Mombasa iko usawa wa bahari na Nairobi iko juu, karibu mita 1,800, kwa hivyo anayepanda anakula betri kuliko anayeshuka. Mtu wa kupanda akikuambia anahitaji 90 ukimlazimisha atoke na 80 unaweza kumkuta mbele amewasha hazadi. Na mchana wa jua kali baada ya kuchaji kwa kasi mara mbili tatu betri ya Leaf inapata joto kwa sababu haina mfumo wa kupoza kwa maji, geji ya joto inapanda na kuchaji kunapungua. Kwa hivyo usimuone amekaa saa nzima ukadhani ni kiburi, pengine betri yake ndio imekataa kumeza.

Stima ikipotea na watu wako kwa laini?

Laini inabaki ile ile. Ile siku ya Agosti 2023 nchi nzima iliingia giza mpaka uwanja wa ndege, na stima iliporudi watu walikuja mbio kama wanaona chaja kwa mara ya kwanza. Waliokuwa wamechomeka wakati stima inapotea ndio wa kwanza kuanza tena, halafu laini inaendelea. Chaja nyingine haziendelei zenyewe, lazima uguse kadi au apu upya, kwa hivyo kama unajua mwenzako ameenda kula na stima imerudi, mpigie umwambie. Na wakati huo chukua kinachokutosha kufika, usijaze.

Naweza kuchaji mvua ikinyesha?

Ndio. Stima kubwa haipiti mpaka gari na chaja ziongee zikubaliane plagi imekaa sawa. Ila plagi usiiache chini kwa matope, na kama maji ya mafuriko yamefika kwa nguzo yenyewe, achana nayo, pigia wenye chaja. Kama una mwamvuli na mwenzako anahangaika na kebo, msaidie.

Kebo je?

Irudishe mahali pake ukimaliza. Tu hivyo. Ikunje, ining'inize, kifuniko ukifunge. Nimeona kebo za DC zimekanyagwa na gari mpaka kichwa kimepasuka na stesheni ikakaa wiki nyingi bila kazi kwa sababu mtu mmoja alikuwa na haraka. Pia usipitishe kebo mahali watu wanatembea, kuna wazee na watoto na watu wa viatu virefu.

Ni sawa kukaa ndani ya gari na muziki na kiyoyozi?

Kaa, ni gari yako. Kiyoyozi kinakula kidogo ya kile unachochaji kwa hivyo utachelewa kidogo, kwa chaja ya kasi huwezi hata kuona tofauti, kwa ya polepole utaona. Muziki uwe wako, si wa parkingi nzima. Na takataka, jamani. Maganda ya ndizi, vijiti vya miraa, karatasi za chipsi, yote nimeyakuta chini ya nguzo, halafu wenye mall wakisema wanafikiria kuondoa hiyo chaja tunashangaa.

Nimekuta chaja imeharibika, nimwambie nani?

Piga namba iliyo kwa nguzo au ripoti kwa apu yao, utaje namba ya nguzo na ujumbe ulioandikwa kwa skrini. Halafu mwambie na anayekuja nyuma yako. Watu wanapenda kuondoka kimya wakinung'unika, na mwingine anakuja kutoka mbali na asilimia 5 kukuta ni mapambo. Na usianze kubonyeza ile swichi nyekundu ya dharura eti uone kama itaamka, hiyo ndio inaizima kabisa mpaka fundi aje.

Kwa ploti yetu kuna soketi kwa basement, nichaji hapo usiku?

Uliza keyateka kwanza, na keyateka aulize landlord. Hiyo stima mara nyingi ni ya ngazi na taa za nje, inalipwa na wapangaji wote kwa pamoja. Uniti 20 kila usiku ni nyingi kuliko nyumba nyingi zinavyotumia, jirani wataona kwa bili na watakujua, gari yenyewe haijifichi. Kubaliana ulipe kwa mita ndogo. Na usichaji kwa ekstensheni ya kuning'inia kutoka dirisha la tatu, zile za bei ndogo zinapata moto, gari inavuta stima ile ile nyingi masaa nane bila kupumzika, si kama pasi ya nguo ya dakika kumi.

Boda za umeme nazo?

Nyingi hazichaji, zinabadilisha betri kwa vibanda vya kina Ampersand na Spiro, unatoa iliyoisha unawekewa iliyojaa, dakika chache umeenda. Hapo adabu ni usichague betri kama unachagua nyanya, na usimshike mhudumu maswali ya maisha yake wakati kuna wateja nyuma.

Niko ughaibuni, mambo ni haya haya?

Tabia ni zile zile ila kule wanazitoza pesa. Tesla walianza mwisho wa 2016 kutoza kila dakika gari inayokaa baada ya kujaa na stesheni ina watu wengi, Marekani inafika dola moja kwa dakika stesheni ikijaa kabisa. Ujerumani kuna kampuni zinazoanza kuhesabu ukipita masaa manne. California ukipaki kwa nafasi ya chaja bila kuchaji gari yako inaweza kuvutwa. Waholanzi wana neno lao kabisa, laadpaalklever, yaani mtu aliyeganda kwa nguzo ya chaja. Sisi huwa tunamwita kupe.

Kama uko huko soma kibao kabla hujaondoka, manake huyo kupe wa kwetu anazomewa tu lakini wa huko bili inakuja kwa kadi yake.

Na wewe mwenyewe hujawahi kukosea?

Nimekosea vibaya. Kuna Jumamosi nilichomeka kwa mall moja nikaenda kamati ya harusi ya binamu yangu ghorofa ya juu. Kamati za harusi unazijua, ajenda ilikuwa keki, tukaishia kwa nani hajalipa ahadi, masaa matatu na simu iko silent. Gari ilikuwa imejaa zamani. Niliporudi nilikuta karatasi kwa kioo, mwandiko mzuri wa mwalimu, “Kaka, nimekungoja saa moja na nusu. Mimi ni wa teksi, nilikuwa na mteja wa airport, nimempoteza. Siku njema.” Hakuna tusi hata moja. Afadhali angenitukana. Sikumjua, askari hakumjua, nikakaa pale nimeshika karatasi nikitamani hata angekuwa ameandika namba nimtumie hela ya hiyo safari.

Hiyo karatasi bado iko kwa gari, upande wa nyuma wake ndipo nimeandika namba yangu. Ukikuta Leaf nyeupe imejaa na mwenyewe haonekani, ni mimi, piga, simu haiko silent.